Majarida ya maktaba ya chuo: yabaki ndani, yatoke, au itoke nakala?

Saa tatu na robo usiku, na maktaba inafungwa saa nne. Mwanafunzi wa uzamili amesimama kaunta na juzuu la jarida lililojalidiwa, kidole kikiwa kati ya kurasa asije akapoteza mahali alipofika. "Dada, naomba niende nalo hosteli. Kesho saa mbili asubuhi utalikuta hapa." Mkutubi anautazama mhuri mwekundu kwenye jalada: LISITOLEWE NJE. Anajua kijana huyu si mwizi. Anajua pia kwamba juzuu lile likipotea, hakuna duka la hapa wala la ng'ambo litakalomuuzia jingine.

Nimekaa upande wa ndani wa kaunta ya majarida kwa miaka, na kabla ya hapo nilisimama upande wa nje. Kwa hiyo kamati ya maktaba inapobishana kama majarida yaazimishwe au la, siwezi kumbeza mtu wa upande wowote. Nayaandika haya kwa waliokwama katikati: wakutubi wa vyuo, wahadhiri walio kwenye kamati za maktaba, na wanafunzi wanaotaka kupeleka hoja yenye mashiko kwa uongozi.

Njia ninazozilinganisha ni tatu. Ya kwanza, jarida libaki ndani na lisomwe humo humo. Ya pili, litoke kwa muda mfupi. Ya tatu, jarida libaki lakini nakala ya makala itoke.

Kwa nini jarida haliazimwi kama kitabu

Kitabu cha kiada kikipotea, aliyekipoteza hununua kingine au hulipa, na maisha yanaendelea. Jarida ni kama jino: likitoka moja, pengo linaonekana kila ufunguapo mdomo. Toleo la pili la mwaka fulani likikosekana, mwaka ule haujalidiwi ukakamilika, na kila atakayefuata rejeo la makala iliyokuwemo ataishia hewani. Wachapishaji huchapa nakala za waliojiandikisha na chache za ziada. Baada ya miaka michache toleo la zamani halipatikani kwa fedha yoyote.

Tena msomaji wa jarida halihitaji lote. Anahitaji kurasa kumi na tano, pengine ishirini. Akiondoka na juzuu zima, anaondoka pia na makala nyingi asizozihitaji, ambazo huenda mwenzake anazitafuta usiku huo huo. Hoja hii huwa ninairudia katika kila kikao, kwa sababu inawapinga wanaotaka kuazimisha ovyo na inawapinga vilevile wanaokataa bila kutoa njia nyingine. Mwenye shida ya kurasa ishirini anaweza kusaidiwa bila jarida kutoka mlangoni.

Vipimo

Nitazipima njia zote tatu kwa mambo manne: jarida lenyewe linapatwa na nini, msomaji anapata nini, kazi na gharama zinamwangukia nani, na njia inamfaa nani. Kipimo cha kwanza ndicho tunachokosea zaidi, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Katika maktaba zetu kuna mazoea ya kuyalinda sana majarida ya nje kwa kuwa yalinunuliwa ghali, na kuyaacha ya nyumbani rafu za wazi kwa kuwa yaliletwa bure au kwa bei ya chini. Hebu jiulize: likipotea, litarudi? Toleo la Nature, jarida lililoanza 1869, au la Lancet, lililoanza 1823, lipo katika maktaba nyingi mno duniani, na matoleo yake ya zamani yamewekwa kidijitali na wenyewe wachapishaji. Ukilipoteza umepoteza fedha, lakini makala iko mahali. Sasa chukua Mulika la iliyokuwa TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au toleo la zamani la Uganda Journal lililoanza 1934, au jarida la idara fulani lililochapwa nakala chache miaka ya sabini likafa baada ya matoleo manne. Hayo ndiyo yanayopotea yasionekane tena. Likitoka la nyumbani lisirudi, huenda umepoteza kitu ambacho hakuna mtu mwingine aliyekihifadhi.

Jambo jingine linalojificha ni majina. Jarida linaloitwa leo Kiswahili lina asili yake katika kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930, na kabla ya kupata jina hilo lilipitia mengine, likiwemo Swahili. Tanganyika Notes and Records, lililoanza 1936, nalo likaja kuitwa Tanzania Notes and Records. Katika maktaba isiyo na katalogi makini, matoleo ya jarida moja yamegawanyika rafu tatu, na mkutubi hajui ana nini. Kama hujui una nini, huwezi kuamua kitoke au kibaki. Anzeni kwa kuhesabu.

Njia ya kwanza: libaki ndani

Jarida lenyewe. Linaonekana kuwa salama, na kwa kiasi kikubwa ni kweli. Halinyeshewi na masika, halisahauliwi kwenye daladala, na anayelitafuta hulikuta. Ila usalama huo si kamili kama tunavyojidanganya. Nikiandika tasnifu yangu ya uzamili nilitafuta makala moja ya lahaja kwa wiki tatu. Nikapata juzuu lenyewe kwenye maktaba ambayo haiazimishi majarida kabisa. Nilipolifungua nilikuta vishina vya karatasi tu: makala yote imekatwa kwa wembe, sawasawa, kandokando ya mshono. Nililia pale mezani, na sioni haya kusema. Baadaye, nilipoanza kazi ya kaunta na kuona wangapi wanakataliwa kila usiku, nilielewa kwamba aliyekata huenda hakuja na nia ya kukata. Ukikataza kuazima, na mashine ya kopi ni mbovu, na mlango unafungwa mapema, wembe utaingia.

Kuna na hatari ya kuweka kila kitu chini ya paa moja. Tarehe 18 Aprili 2021 moto uliotoka kwenye mteremko wa mlima uliunguza maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town, na sehemu kubwa ya machapisho ya mkusanyo wa masomo ya Afrika yaliyokuwa humo iliteketea. Hakuna kosa la mkutubi hapo. Ila inatukumbusha kwamba kubaki ndani na kuhifadhiwa ni mambo mawili.

Msomaji. Mwanafunzi wa kutwa anayeishi karibu anahudumiwa vizuri. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyofunguliwa 2018, ilijengwa ichukue wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Anayelala hosteli ya Mabibo anaweza kwenda kukaa, akasoma, akarudi. Kwake, juzuu kuwepo rafuni kila siku kuna faida kuliko kuwa mikononi mwa mtu mmoja. Lakini mwalimu wa sekondari aliyeko Newala, aliyejiandikisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chuo kilichoanzishwa 1992 kwa ajili ya watu wa namna yake hasa, hapati chochote kutokana na sera hii. Wala muuguzi wa zamu ya usiku. Wala mama anayenyonyesha.

Kazi na gharama. Ndiyo njia nafuu kuliko zote. Hakuna faini za kufuatilia wala rekodi ya kila toleo. Gharama yake ni saa za kufungua: maktaba inayofunga saa kumi na moja jioni na pia haiazimishi majarida imewafungia mlango wafanyakazi wote mjini. Inahitaji pia mtu wa kupita mezani na kurudisha majuzuu rafuni, maana lililowekwa mahali pasipo pake limepotea kama lililoibwa.

Inamfaa nani. Maktaba za utafiti zenye mikusanyo ya Afrika Mashariki, na zile zinazopokea nakala za lazima kisheria, yaani zile ambazo sheria inawataka wachapishaji wazipeleke, kama Makerere ifanyavyo tangu 1958. Hao wanawatunzia hata watafiti ambao hawajazaliwa.

Njia ya pili: litoke kwa muda mfupi

Jarida lenyewe. Hatari zake kila mtu anazijua: mvua, mtoto na kalamu, jirani aliyeomba "nione kidogo" akasafiri nalo. Matoleo mapya yasiyojalidiwa huchakaa upesi, kwa kuwa jalada lake ni karatasi tu. Hata hivyo kuna upande usiosemwa. Jarida lililoazimwa lina jina la mtu. Likirudi limekatwa, unajua wa kumuuliza. Lililokatwa chumbani mwa kusomea halina mwenyewe. Nimeona juzuu lililoazimwa mara kumi likirudi zima kila mara, na pembeni yake lile la "lisitolewe" limekwanguliwa.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Katika uzoefu wangu wanaochelewesha sana si wanafunzi; mwanafunzi anaogopa kuzuiwa matokeo. Ni waheshimiwa wahadhiri. Jarida huingia ofisini mwa profesa, likawa sehemu ya samani, na mkutubi msaidizi hawezi kumpigia simu mara ya tatu. Kama sera yenu ya kuazimisha haiwagusi wakubwa sawa na wadogo, afadhali msiianze.

Msomaji. Faida ni kubwa, na huonekana papo hapo. Anasoma kwa nafasi yake, anaandika pembeni ya kompyuta yake, anarudia jedwali mara nne. Mwenye ulemavu ambaye ngazi za maktaba ni mateso kwake anapata haki sawa na wenzake. Hasara ni ya msomaji wa pili, anayekuta nafasi tupu rafuni, na yeye hana pa kulalamika kwa sababu hakuna aliyevunja sheria.

Kazi na gharama. Hapa ndipo vyuo vingi hukwama. Kila toleo linahitaji namba na rekodi yake kwenye mfumo. Rekodi moja ya "jarida fulani, 1980 hadi leo" haitoshi kuazimishia. Kunahitajika mtu wa kukumbusha, kutoza, na kuita jarida lirudi likihitajika.

Mfano mkubwa wa njia hii ninaoufahamu ni wa Uingereza. Mwaka 1962 ilifunguliwa huko Boston Spa, Yorkshire, maktaba ya taifa ya kuazimisha ya sayansi na teknolojia, chini ya Donald Urquhart. Shughuli yake kuu ilikuwa kuyatuma majarida kwa posta kwenda maktaba nyingine nchi nzima, na kazi ilifanyika. Siri mojawapo ni kwamba iliziazimisha taasisi: mkutubi wa chuo au kiwanda ndiye aliyebeba dhamana. Mwaka 1973 ikawa sehemu ya Maktaba ya Uingereza, na kadiri miaka ilivyopita nakala za makala zikachukua nafasi kubwa ya mahali pa majarida yenyewe. Hata waliojengwa kwa ajili ya kuazimisha waliishia kusogea upande wa nakala.

Inamfaa nani. Maktaba ndogo za idara na taasisi ambako watu wanajuana. Vyuo vyenye nakala mbili za jarida hilo hilo. Na majarida ambayo matoleo yake yote yanapatikana mtandaoni bila kikwazo. Muda usizidi siku tatu. Njia ya kuanzia iliyo rahisi ni kuazima kwa usiku mmoja: lichukuliwe nusu saa kabla ya kufunga, lirudi ndani ya saa moja baada ya kufungua. Wakati huo hakuna msomaji mwingine anayenyimwa, maana maktaba yenyewe imefungwa. Toleo jipya kabisa libaki kwenye rafu ya maonyesho hadi linalofuata lifike.

Njia ya tatu: itoke nakala ya makala

Jarida lenyewe. Halitoki, lakini haliponi moja kwa moja. Kuligandamiza juzuu nene juu ya kioo cha mashine huvunja mgongo wake, na gundi ya zamani ikishakauka kurasa huanza kudondoka. Nimeona majuzuu yaliyouawa na fotokopi. Kamera au skana inayopiga kutoka juu, jarida likiwa limefunguliwa nusu na kuegemezwa pande zote mbili, hulinda mshono. Simu nzuri kwenye kishikio inatosha kwa maktaba isiyo na fedha.

Msomaji. Aliye mbali ndiye anayenufaika kuliko wote: mwalimu wa Newala anatuma ombi asubuhi, jioni makala iko kwenye baruapepe yake. Anayoyakosa ni mawili. Ubora, kwanza: ramani zilizokunjwa, picha, na tanbihi zilizokatwa ukingoni. Pili, anakosa kupekua. Mada iliyonipa shahada yangu niliikuta kwenye makala iliyofuata ile niliyokuwa naitafuta, kwa sababu nilikosea ukurasa. Anayetumiwa nakala hupata alichokijua tayari.

Kazi na gharama. Kazi inahama kutoka kwa msomaji na kumwangukia mfanyakazi. Maombi kumi kwa siku ni mtu mmoja nusu siku. Amueni mapema nani analipa. Ada ya kila ukurasa ikiwa kubwa, mtarudishwa kwenye wembe.

Sheria nayo ina neno. Marekani jambo hili lilifika mahakamani: mchapishaji wa majarida ya tiba, Williams & Wilkins, aliishtaki serikali kwa kuwa Maktaba ya Taifa ya Tiba na maktaba ya taasisi za afya walikuwa wakitoa nakala za makala badala ya kuazimisha majarida. Mwaka 1973 mahakama iliamua kwamba haikuwa kosa, na 1975 majaji wa Mahakama ya Juu walipogawanyika sawa kwa sawa uamuzi huo ukabaki. Hoja ya maktaba ilikuwa rahisi: tungeweza kuwapa jarida lenyewe, tumewapa kurasa wanazozihitaji. Lakini usiichukue kesi ya Marekani ukadhani ni ruhusa ya hapa. Tanzania ina sheria yake ya hakimiliki ya 1999, Kenya ya 2001, Uganda ya 2006. Isomeni na mwanasheria wa chuo. Mwenendo wa tahadhari ni nakala moja, ya makala moja, kwa mtu mmoja aliyetia saini kwamba ni kwa ajili ya masomo yake. Kumtolea mhadhiri nakala themanini za darasa ni jambo jingine, na kujenga hazina ya skani inayofunguliwa na kila mtu ni jingine kabisa.

Inamfaa nani. Vyuo vyenye wanafunzi wa masafa na vyenye kampasi nyingi, na kila mkusanyo wa majarida adimu ambao wasomaji wake wametawanyika nchi mbalimbali.

Na ya mtandaoni?

Wengine watasema ubishi huu umepitwa na wakati. Kwa majarida ya tiba ni kweli kwa sehemu kubwa: mpango wa HINARI wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza 2002, unazipa taasisi za nchi za kipato cha chini majarida bure au kwa ada ndogo. AJOL (African Journals Online), tovuti ya majarida ya Afrika, imekuwa ikiyapandisha tangu 1998, na jarida la Swahili Forum husomwa bure na yeyote. Yaliyoko huko yaangalieni kwanza kabla ya kutoa nakala au kuazimisha. Lakini mengi ya nyumbani ya miaka ya sitini na sabini hayajapanda, na jarida la kulipia likikatiwa usajili linaweza kufungwa pamoja na miaka yote mliyokwisha kuilipia. Msitupe karatasi kwa sababu ya neno la siri.

Uchague nini, kwa hali yako

Ukiwa na mkusanyo adimu na maktaba yenye saa ndefu, yabakishe ndani, lakini siku hiyo hiyo uanzishe huduma ya nakala. Kubakisha bila nakala sikushauri katika hali yoyote.

Ukiwa maktaba ya idara yenye wasomaji hamsini mnaofahamiana, azimisheni kwa usiku mmoja na mwishoni mwa wiki. Orodha iwe ukutani, na jina la mkuu wa idara liandikwe kama la wengine.

Chuo chenye wafanyakazi wanaosoma jioni na maktaba inayofunga mapema kina mambo mawili ya kuchagua: kuongeza saa au kuazimisha. Kuongeza saa kunagharimu mishahara na umeme; kuazimisha kunagharimu matoleo kadhaa kwa mwaka. Chuo cha ufundi chenye majarida ya kawaida ya nje kinaweza kuyamudu matoleo hayo. Chenye mkusanyo wa pekee hakiwezi.

Ukiwa na wanafunzi mikoani, nakala. Hakuna njia nyingine yenye haki kwao, kwa sababu hata juzuu lililoazimwa linamsubiri mtu aje na nauli.

Na rafu zikiwa mchanganyiko, kama zilivyo nyingi, sera moja kwa majarida yote haitafaa. Yagawe kwa rangi kwenye mgongo: nyekundu kwa yasiyorudishika, hata kama yaliletwa bure, njano kwa yanayotoka usiku, kijani kwa yaliyo na nakala ya pili au yaliyo mtandaoni, ambayo yanaweza kwenda siku tatu.

Kabla kamati haijapiga kura, weka daftari kaunta kwa muhula mmoja. Kila anayekataliwa jarida aandikwe: jarida gani, kurasa ngapi alizozitaka, anaishi wapi, na saa ngapi alikuja. Kila juzuu linalorudishwa rafuni likaguliwe kurasa, na kila kilichokatwa kiandikwe upande wa pili wa daftari hilo hilo. Peleka daftari kwenye kikao.